Shaba ya Kuosha Mara Nane

Mteja akiniuliza kondishina ya rangi ipi imfae, namuuliza kwanza ana mvi kiasi gani. Watu hawalipendi swali hilo. Lakini kondishina ya rangi haigeuzi nywele nyeusi hata ukae nayo kichwani kutwa. Utapata wekundu kidogo unaoonekana ukisimama juani, basi. Kwenye mvi ndiko inakoshika, na inashika kwa fujo. Mimi nina mvi tangu nikiwa na miaka thelathini. Mama akinitaja kwa wageni alisema "yule mkubwa, mwenye mvi," kana kwamba nimeziiba mahali.

Mdogo wangu yeye alijulikana kwa nywele nyekundu za shaba. Alianza kuzipaka alipokuwa chuoni, na mama akamwita Shaba mpaka jina lake likasahaulika. Chuo hicho alikisoma kwa jasho langu. Mama alinitoa shule nikiwa na miaka kumi na sita, akanipeleka saluni ya rafiki yake nikaoshe vichwa vya watu ili mdogo wangu asome. Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwa mama: aseme kwamba alinitoa. Wala asiombe radhi, aseme tu. Hakusema, na miaka miwili iliyopita akaanza kupoteza kumbukumbu.

Wengine husahauliwa na mama zao. Mimi sikusahauliwa, nilikumbukwa vibaya. Aliamini yule mwenye mvi anamwibia funguo na kumtilia sumu. Vidonge vya presha nilivyompa alivitemea kwenye foronya. Daktari akaniambia wazi kwamba asipovimeza ataanguka, na akianguka hatanyanyuka. Shaba alikuwa akiishi mbali, anapiga simu Jumapili. "Pole, dada. Wewe una moyo." Moyo ninao. Na mgongo pia ninao, ndio unaouma.

Kisha saluni ikaleta kondishina mpya. Nikaijaribu kwangu mwenyewe, maana sipendi kumpaka mtu kitu nisichokijua. Nilichukua ya shaba kwa sababu ndiyo iliyokuwa imeshafunguliwa. Niliosha nywele kwa shampuu, nikazikamua, nikavaa glavu, nikajaribu kishungi kimoja nyuma ya sikio, kisha nikapaka kichwa kizima. Dakika kumi na tano chini ya kofia ya nailoni, nikasuuza kwa maji baridi. Nilipofika nyumbani, mama alikuwa amelala ameelekea ukutani. Akageuka.

"Shaba wangu! Umekuja lini?"

Akaachama kama kinda, akameza vidonge vyote viwili.

Wenzangu kazini walinishauri nipake rangi ya kudumu niepuke usumbufu. Nilikataa. Kondishina inakwisha ukishaosha mara nane hivi, na mimi nilitaka mvi zangu zirudi kila baada ya muda, niingie chumbani kwa sura yangu, labda safari hii atanijua na atasema. Kila nilipoingia hivyo alipiga mayowe ya mwizi. Nikarudi bombani na glavu zangu. Zile siku za shaba alinishika mashavu akaniambia, "Ungekuwa unakaa na mimi wewe, nisingeteseka hivi na dada yako." Nami namlisha supu huku nasema, "Ndiyo, mama." Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu sisi, aliyekuwepo ndiye asiye na lake.

Shaba akapiga simu kwamba anakuja Jumamosi, atakaa saa mbili tu, ana shughuli. Wiki hiyo rangi yangu ilikuwa imekwisha, kichwa cheupe. Ajabu ni kwamba mama hakupiga kelele. Siku mbili alinitazama tu, ananifuata kwa macho nikikunja nguo, na vidonge akavimeza bila neno. Nilidhani amechoka. Jumamosi asubuhi nikawaza asije akanitukana mbele ya mgeni, nikapaka shaba tena, na kwa hofu yangu nikaiacha dakika thelathini. Ilishika mpaka masikio.

Mdogo wangu aliingia na nywele fupi, mvi tupu.

"Nimeacha kupaka, dada," alisema, akijipapasa kichwa. "Siku hizi mtu unajikubali tu."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikampeleka chumbani.

Mama alimwona, akajiinua mwenyewe kwenye mto, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi. Akamnyooshea mkono.

"Mkubwa wangu. Kaa hapa. Siku mbili hizi nakutazama, natafuta pa kuanzia."

Mdogo wangu akakaa. Mimi nikabaki mlangoni.

"Nilikutoa shule," mama alisema. "Ulikuwa na akili kuliko mwenzako, mwalimu alikuja mpaka nyumbani kunisihi. Nilikuchagua wewe kwa sababu nilijua hutalalamika. Nimekuonea, mwanangu. Maisha yangu yote nilikuwa naona haya kukutazama."

Nikasema, "Mama, ni mimi. Mkubwa ni mimi."

"Shaba, nyamaza," akasema bila kugeuka. "Naongea na dada yako."

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa na ulimi, angeweza kusema yeye si mimi. Alinitazama mara moja, macho yamejaa machozi, na nikaona kwamba anaona raha kuombwa radhi, hata kama si yake.

"Nimekusamehe, mama," akasema.

Mimi sikuwa nimesamehe. Neno hilo lilikuwa langu, nililitunza miaka thelathini na moja nikisubiri niombwe, nione kama nitalitoa au nitakataa. Yeye alilitoa kwa sekunde moja, na mama akashusha pumzi, uso ukalegea, akalala tena kwenye mto kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Kisha akanitazama mimi, akatabasamu.

"Shaba, mletee dada yako maji ya kunywa. Amechoka sana huyu."

Nikaenda kumletea.