Nyumba Zilizomtolea Ushahidi Loretta

Jumanne asubuhi Loretta Pickens alikuwa anakaanga mayai wakati nyumba zote alizoishi kwa miaka kumi zilipowasili mtaani kwake, katika mji mmoja wa pwani ya Virginia, Marekani. Trela ya marehemu mama yake, nyumba ya magurudumu, ilitangulia, ikifuatwa na chumba cha kupanga cha juu ya duka la dobi. Nyuma, likikohoa moshi, lilikuja gari kuukuu la Buick alilokwisha kuliuza. Jirani yake, mzee Tibbs, alitoka na kikombe cha kahawa, akaiomba trela isimkanyagie maua. Trela ikasogea.

Loretta alikuwa amezitaja zote kwenye fomu ya kibali cha usalama, kile serikali inachompa anayeaminiwa na siri za jeshi. Yeye ni fundi wa kuchomelea, mkono wake hautetemeki, lakini bila kibali hicho haruhusiwi kugusa nyambizi za jeshi. Angebaki kuchomelea mageti maisha yake yote. Fomu inataka kila mahali ulipolala, bila kuruka hata mwezi, na yeye alikuwa na miezi minne ya dhiki aliyolala garini, nje ya duka kubwa.

"Andika ulilala kwa shangazi yako, yaishe," msimamizi wake, Dwight, alikuwa amemwambia. "Mimi niliandika kwa kaka yangu. Mwaka wa ishirini huu, nani kaniuliza?"

"Kwa shangazi sikulala, Dwight. Nililala kwenye Buick."

"Haya, jifanye mtakatifu. Usije kunililia."

Saa tatu akafika Bi Yancey, mpelelezi wa vibali, na daftari lake. Alizihoji moja moja, kama anavyohoji majirani. Trela ilisema Loretta alimuuguza mama yake humo mpaka pumzi ya mwisho. Chumba kilisema hakikuwahi kusikia kelele zake.

"Alikuwa anajikunja kiti cha nyuma," ilisema Buick. "Alfajiri ananawa chooni dukani, huyo kazini. Hakuchelewa hata siku moja."

Loretta alisimama wima. Aibu aliyoibeba miaka sita ilimtoka, akajionea fahari mpaka machozi yakamlengalenga.

Nyumba ya kaka wa Dwight, iliyokuwa imejiunga na msafara, nayo ikasema kwamba haijawahi kumlaza Dwight hata usiku mmoja.

"Faili la leo si lake," alisema Bi Yancey, akafunga daftari.

Loretta alinyimwa kibali. Sababu iliyoandikwa ni makazi yasiyotulia. Dwight ndiye aliyemkabidhi barua, kitambulisho cha kibali chake mwenyewe kikining'inia kifuani.

"Si nilikwambia, dada?"

"Uliniambia. Ila nyumba zangu zote zilinitambua, Dwight. Yako je?"

Dwight alitazama saa yake.

Mwaka uliofuata Loretta alijaza fomu upya. Kwenye miezi ile minne aliandika yale yale, tena kwa herufi kubwa. Mzee Tibbs na majirani wengine walihamisha magari yao mapema, kuzipisha nyumba zake.