Chiriku na Kindi wa Fundi Cherehani

Mama fundi cherehani alifungua chumba chake cha kushonea, akakuta binti yake mkubwa amekuwa chiriku na mdogo amekuwa kindi. Mkubwa alikuwa juu ya pazia akiimba. Mdogo alikuwa mezani akipanga vifungo kwa rangi, kama kawaida yake.

"Msinichafulie vitambaa tu," mama akasema, akakaa.

Kazi iliendelea. Wateja walipokuja kulalamika kwamba nguo zimechelewa, chiriku aliwaimbia, wakaondoka wakitabasamu bila nguo walizofuata. Kindi alikata nyuzi kwa meno, akaokota pini sakafuni. Kisha akatunga uzi kwenye sindano na kuiacha pale mkono wa mama ungeifikia. Macho ya mama hayakuona vizuri tena, na mama hakutaka mtu ajue. Binti mdogo alikuwa akimtungia tangu enzi zake za vidole.

Mteja mmoja, mwalimu, akauliza yupi bora kati ya hao wawili.

"Ni chiriku. Bado unauliza?" mama akasema. "Huyo mwingine ana nini zaidi ya mkia?"

"Ana mikono, wifi," akasema shangazi wa mabinti hao, aliyekuwa akipiga pasi.

"Mikono ninayo mimi."

Kindi alisikia, na ilimuuma sana. Kwa miaka yote alikuwa akingoja shukrani ya mama, hata ya nusu mdomo. Akatoka dirishani, akapanda mti wa kwanza wa msitu ulioanzia nyuma ya nyumba, akabaki huko.

Kesho yake mama alipapasa meza, asikute sindano yenye uzi. Gauni la harusi lilitakiwa siku hiyohiyo. Akalamba ncha ya uzi, akajaribu, akakosa. Akajaribu tena. Chiriku aliimba siku hiyo hadi akatia fora.

"Wifi, mwite mwanao," shangazi akasema.

"Nimwite mara ngapi? Si huyo anaimba?"

Kule mtini, kindi alimwona mama kupitia dirishani akikosa tundu la sindano tena na tena. Akashuka, akaingia dirishani na majani mgongoni, akatunga uzi, akaisukuma sindano hadi kwenye kiganja cha mama. Kisha akarudi msituni.

Uso wa mama ukachanua.

"Asante, chiriku wangu."

Chiriku akaipokea shukrani hiyo kwa wimbo mrefu. Shangazi akageuza shati upande wa pili, akaendelea kupiga pasi.