Zibo la Tatu

Fundi bomba alikuwa na sheria moja kazini. Sinki likiziba mara ya kwanza, anazibua; mara ya pili, anazibua huku amenuna; mara ya tatu hagusi kitu mpaka chemba ya majitaka ya nje ifunuliwe. Wateja walilalamika kwamba anawaharibia nyumba. Hakuwasikiliza.

Damu ilipomganda mguuni, alimeza dawa. Ilipoganda mkononi licha ya dawa hizo hizo, alinuna. Ilipoganda mapafuni alilazwa, na pumzi ilipomrudia aliomba ruhusa ya kwenda kazini.

Daktari, binti mwenye sauti ya chini, alivuta kiti. "Mzee, kinga ya mwili wako imekugeuka. Ndiyo inayogandisha damu. Kwa baadhi ya watu, kinachoichokoza ni saratani iliyojificha. Huenda wewe huna. Ila nataka tukupige picha mwili mzima tuhakikishe."

"Saratani ya wapi? Mimi naumwa mguu."

"Na mkono," alisema mkewe, aliyeketi kando ya kitanda. "Na mapafu."

"Nilifupisha." Akamgeukia daktari. "Binti yangu, we ongeza dawa, damu ipite. Ukianza kutafutatafuta, utapata."

Mkewe alichukua mkoba. "Basi twende. Njiani tumwombe radhi mama wa nyumba ya kona."

"Kwa lipi?"

"Ulimvunjia sakafu ya baraza. Alikusihi uzibue tu uondoke. Ukamwambia, mbele ya wageni wake, asiyetaka chemba ifunuliwe anapenda harufu."

"Mkuki kwa nguruwe," alisema mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa akijifanya amelala.

"Ulikuta nini huko chini?" daktari aliuliza.

Fundi alitazama dari. "Mzizi," alisema shingo upande. "Mdogo. Ungeachwa, ungepasua ukuta." Akashusha miguu kitandani. "Hiyo picha inapigiwa wapi?"

Picha ilionyesha uvimbe kwenye figo, ambao ulikuwa bado haujatoka nje yake. Daktari alieleza kwamba figo hiyo itaondolewa, na kwamba dawa za damu huenda akazimeza maisha yake yote, kwa kuwa kinga ikishageuka si lazima itulie. Fundi alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa na sharti moja tu kwa daktari wa upasuaji.

"Akimaliza, arudishe sakafu vizuri."

"Kama ulivyomrudishia mama wa kona?" mkewe aliuliza.

Fundi alifikiri.

"Hapana," alisema. "Yeye ajitahidi."