Mbio za Msellem

Siku Bi Mgeni alipofukuzwa ndiyo siku Msellem alipokimbia kwa mara ya kwanza.

Ulikuwa msimu wa karafuu wa mwaka hamsini na nane, Mgogoni. Moza alikuwa akichuma matawi ya chini, na mwanawe Msellem, wa miaka minne, alikuwa uwanjani na watoto wengine wa wachumaji. Homa ilikuwa imemlegeza miguu. Alitembea kwa kushikilia kuta. Bi Mgeni, bibi aliyewekwa kuwalea, hakumbeba. Alibingirisha chungwa, akawaambia walifuate, na atakayelipata ndiye atakayelila. Kila siku alilibingirisha mbali kidogo.

Siku ile liliteremka hadi kwenye majamvi. Msellem akalifuata mbio, akapita katikati ya karafuu zilizoanikwa, mikono juu. Bi Mgeni hakumwita arudi. Alipiga kigelegele.

Nassor, msimamizi wa shamba, akaja na bakora yake.

"Nimekuweka uwakalishe au uwakimbize?"

"Kakimbia, bwana. Huyu hakuwa akikimbia."

"Karafuu ikivunjika kichwa haipati daraja la kwanza. Miguu yake nitamuuzia nani? Nenda zako."

Wanaume waliokuwa juu ya miti wakacheka. Bi Mgeni akajifunga kanga yake vizuri, akashika njia ya kwao Gando.

Kesho yake Nassor aligawa kamba za usumba wa nazi. Kila mama amfunge wake kwenye shina la mkarafuu, asifike majamvini. Moza alimwomba amwachie Msellem angalau jioni, kwani miguu ndiyo kwanza inapata nguvu. Nassor alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mbuzi hufungwa na wanakua, Moza. Kama hutaki, nani amekushika? Lakini kibanda unamolala ni cha shamba."

Moza alimfunga.

Siku za mwanzo Msellem alivuta, akaanguka, akavuta tena, mpaka kifundo cha mguu kikachubuka. Moza akaihamishia kamba mguu wa pili. Jioni zilikuwapo karafuu za kuchambua. Alipofika nyumbani mtoto alikuwa amelala mgongoni mwake. Mara moja alimwamsha, akamkalisha uani, akabingirisha chungwa. Msellem alilitazama likienda, likasimama.

"Niletee, mama," akasema.

Msimu uliofuata Nassor alimwita Moza mbele ya wachumaji wote. Akamsifu kwamba mwanawe ana adabu, tangu afungwe hajamsumbua mtu; wengine waje wajifunze kwake. Wanawake waliinamisha vichwa. Akamtoa kwenye kuchuma, akamkabidhi kamba zote.

Kila asubuhi Moza huwafunga watoto wa wenziwe, mmoja mmoja, na huvuta fundo kuona kama limekaza. Msellem hamfungi; hukaa mwenyewe penye shina lake.