Kengele Zilizofanana

Semboja wa Korogwe ya Zamani alikosa mambo mengi mwaka ule. Alikosa hamu ya kuamka. Alikosa neno la kumwambia mteja zaidi ya bei. Alikosa wimbo, yeye ambaye zamani waliokuwa wakichota maji Mto Pangani walimsikia akiimba huku akipiga nyundo. Alikosa jino moja la mbele, ingawa hilo halikuhusika. Alikosa hata ugomvi, na mkewe Mwanaidi, aliyezoea kubishana naye kila asubuhi, akaanza kuogopa kwamba mume wake ni mgonjwa.

Wateja hakuwakosa. Semboja alikuwa fundi wa kengele za ng'ombe, kama baba yake kabla yake, na wafugaji wa Handeni na Kilindi hawakujua kwingine pa kwenda. Tangu ujana alikuwa akikata bati, akilikunja, akiligonga, akilisikiliza, akiligonga tena. Kisha, miaka miwili nyuma, alinunua mashine Tanga. Unaingiza bati, unavuta mkono wa chuma, kengele inadondoka chini. Unavuta tena, inadondoka nyingine. Zilifanana kama watoto wa shule waliovaa sare. Kazi ya wiki nzima ikawa kazi ya asubuhi moja, naye Semboja akaota kitambi na huzuni.

Ndiyo maana Benedicto, mfanyabiashara wa Mazinde, alipomwomba amuuzie karakana aifanye stoo ya saruji, Semboja alijibu "Sawa" kabla kahawa haijapoa, mbele ya mashahidi wawili. Makabidhiano yalipangwa Jumamosi.

"Ukishauza utafanya nini?" Mwanaidi alimuuliza.

"Nitapumzika."

"Mbona unapumzika sasa hivi, baba? Mkono mmoja ndio unaofanya kazi, na wenyewe unavuta tu."

Semboja hakumjibu. Mwanaidi akatikisa kichwa. Zamani angejibiwa mpaka mchana.

Jumanne ya wiki hiyo simu ikalia. Alikuwa Nashipai, mama wa Kimaasai mwenye ng'ombe wengi kule Handeni, aliyekuwa akinunua kengele tangu enzi za baba yake Semboja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba nitaitika ukifika. Kesho njoo mnadani. Umetuharibia ng'ombe."

Simu ikakatwa. Semboja alibaki ameishika kama mtu aliyeshika samaki wa moto. Kengele inaharibuje ng'ombe? Usiku huo hakulala vizuri. Asubuhi Mwanaidi alimfungia mfuko wenye nyundo, koleo na chapati, akamsindikiza mpaka barabarani.

Mnadani hakuhitaji kuuliza njia. Watu walikuwa wamekusanyika pembeni ya zizi, na katikati yao kulikuwa na rundo la kengele, zote zake, zimevuliwa shingoni mwa ng'ombe.

"Fundi amefika," Nashipai akatangaza. "Marahaba. Sasa sikiliza." Akaokota kengele moja, akaitikisa. Akaokota ya pili, akaitikisa. "Ipi ni yangu?"

Semboja akainama juu ya rundo, akazitazama moja moja.

"Hujui. Na mimi sijui. Na ng'ombe mwenyewe hajui!"

Hapo ndipo alipoelewa, na masikio yakamwaka moto. Pori la Handeni ni la vichaka vilivyoshonana. Mchungaji hamwoni ng'ombe wake, anamsikia. Kila boma lina sauti yake, na baba yake Semboja hakuwahi kukata bati kabla ya kumuuliza mteja: jirani zako lamboni ni akina nani? Aliuliza ili kengele mbili zinazokunywa maji pamoja zisilie sauti moja. Semboja alilijua swali hilo vizuri kabisa. Mashine haikuwa na swali, basi naye akaacha kuuliza.

"Mimi nimemkamua ng'ombe wa Yordani alfajiri mbili, gizani, nikidhani ni wangu," Nashipai akaendelea. "Maziwa yake mepesi kama maji ya kuoshea vyombo."

"Mepesi?" akaruka Yordani, jirani yake, mzee mrefu mwenye fimbo. "Na siku ya pili ulikamua kwa nini?"

Watu wakacheka. Akasogea mbele mkulima mmoja wa Kizigua, Erasto, mkononi ameshika bua la mahindi lililotafunwa.

"Ninyi mnacheka! Dume limeingia shambani kwangu, nimelisikia kwa masikio haya. Nikamuuliza kila mwenye ng'ombe, kila mmoja akaapa kwamba kengele ile si yake. Na hakuna aliyesema uongo, maana ile ni ya wote!"

Semboja akageuka kuwatazama wote. "Ndugu zangu, nitarudisha pesa zenu."

"Pesa zako kaa nazo," alisema Nashipai. "Nataka ng'ombe wangu aongee kama ng'ombe wangu."

Semboja akaomba chuma cha kugongea. Fundi wa pikipiki aliyekuwa jirani na mnada akamletea kipande cha reli. Akaketi chini, akaiweka kengele ya Nashipai juu yake, akapiga. Akaitikisa.

"Sasa imepata mafua," alisema Yordani.

Akapiga tena, ikawa mbaya zaidi. Jasho likamtoka. Miaka miwili mkono ulikuwa haujaulizwa kitu, ukawa kama mtu aliyeamshwa ghafla, akitafuta viatu gizani. Akaibana kengele mdomo, sauti ikapanda juu mno. Akaupanua kidogo, akatoa ulimi wa chuma, akachonga wa mti mgumu, akauning'iniza. Akaitikisa taratibu. Ikatoa sauti nzito, ya upole, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayoifahamu.

Nashipai akafumba macho. "Rudia."

Akarudia.

"Ndiyo," alisema mama yule, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. "Huyo ni ng'ombe wangu. Karibu nyumbani."

"Wa pili!" Semboja aliita, na sauti yake mwenyewe ikamshtua, maana ilikuwa kubwa. "Mzee Yordani, jirani zako lamboni ni akina nani?"

"Huyu mama, kwa bahati mbaya. Na shemeji yangu. Yangu ilie kama mtu anayelalamika."

"Kwa nini?"

"Ili ifanane na mwenyewe," akadakia Nashipai, na mnada mzima ukaangua kicheko, wanunuzi wakaacha mbuzi wao wakaja kusikiliza.

Basi ikawa hivyo. Mmoja alitaka kengele inayokohoa. Mwingine alitaka nyembamba ya kusikika mpaka ng'ambo ya kilima. Erasto, asiye na ng'ombe hata mmoja, alidai lile dume litiwe kengele kubwa kuliko zote, nalo likatiwa, mwenye dume akijitokeza mwishowe, ametazama pembeni. Semboja aliuliza, akapiga, akasikiliza, akabishana. Alimkatalia mzee mmoja katakata sauti aliyoitaka kwa sababu ilifanana na ya binamu yake, wakabishana mpaka wakapeana mikono. Alipozikumbuka chapati zake, mbuzi wa mnadani alikuwa ameshazikumbuka kabla yake.

Jua lilipoinama ndipo alipoinua kichwa. Mgongo ulimuuma na vidole vilikuwa vyeusi, na bado alitamani rundo lingekuwa kubwa zaidi. Akajishangaa. Muda wote huo alidhani kazi imemchosha. Kumbe kazi yenyewe alikuwa hajaifanya miaka miwili.

Aliporudi nyumbani alianza kueleza kabla hajavua viatu. Mashine ataiacha ikate bati na kulikunja, hiyo ni kazi inayoiweza. Sauti ataitoa yeye. Na kila mwezi atakwenda Handeni siku ya mnada, aketi palepale kwenye kipande cha reli.

"Na Benedicto je?" aliuliza Mwanaidi. "Mpigie simu usiku huu."

"Hapana. Neno nililitoa mbele ya mashahidi. Nikilirudisha kwa simu, halitakuwa na shahidi. Nitamwandikia."

Asubuhi aliandika, akamsomea mkewe.

"Umemwomba radhi mara tatu," alisema Mwanaidi. "Moja inatosha. Hivyo atadhani umemwibia mke."

"Mke wake nitampeleka wapi, na wewe upo?"

Mwanaidi alimtupia kitambaa cha meza, akicheka kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa mume. Semboja akafuta radhi mbili, akaandika upya:

*Ndugu Benedicto, salamu. Nilikubali kukuuzia karakana nikidhani nimechoka. Nimegundua kwamba sikuchoka. Karakana haiuzwi, si Jumamosi hii wala nyingine. Najua nimekusumbua, na kwa hilo naomba radhi. Kilole, hapa Korogwe, kuna jengo zuri lisilovuja, mwenye jengo namfahamu siku nyingi. Ukija nitakupeleka kwake kwa miguu yangu. Ni mimi, Semboja, fundi kengele.*

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, wakaifunga kwa uji wa ngano, Semboja akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika. Kisha akaenda stendi, akamtafuta kondakta wa basi linalopita Mazinde.

"Shikamoo, mzee. Barua tu?"

"Marahaba. Humo ndani mna karakana nzima, mwanangu. Usiikalie."

Kondakta akaitazama bahasha pande zote mbili, akaichomeka mbele ya dereva, kwenye kioo, na basi likaondoka.