Aliyeitika Mara Mbili

Habari hii nilipewa na Mwasiti, mke wa Shaaban fundi cherehani, mwaka themanini na nne, tukiwa kwenye foleni ya sukari. Sukari yenyewe haikufika siku ile, kwa hiyo alipata nafasi ya kuimaliza yote. Kipande cha mwisho hakukiona kwa macho yake, alikisikia kwa mkwewe, Bi Mwanne, nami nakiweka kama alivyokiweka yeye.

Ilikuwa mwaka mmoja nyuma, mwezi wa kumi na moja. Mwasiti na mumewe walikaa Ibadakuli, upande wa kiwanja cha ndege, katika nyumba ya Bi Mwanne. Shaaban alikuwa mwanawe, ndiyo, lakini neno la nani alale mle ndani lilikuwa la mama.

Siku hiyo akashuka kwenye lori mwanamume mrefu, vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye kope, amemshika mkono mtoto aliyevaa kaptura. Alikuwa Nkwabi, mchimba dhahabu wa Rwamgasa. Nkwabi alikuwa amemwoa Mwanaidi, mdogo wake Mwasiti, na Mwanaidi alifariki mtoto wao akiwa na miaka minne. Tangu hapo baba alimlea kule kule kambini, kwenye wanaume watupu. Sasa mtoto alikuwa na miaka tisa. Jina lake Mageni, maana siku aliyozaliwa nyumba ilijaa wageni.

"Shemeji," Nkwabi alimwambia Mwasiti, "nataka mwakani aanze shule. Kule si mahali pa mtoto."

Bi Mwanne alikuwa ameketi kibarazani akichambua mchele. Akamwita kumjaribu.

"Mageni."

"Naam!" Sauti iliwatawanya kuku.

Bi Mwanne akaweka ungo chini. "Huyu wa kiume?"

"Wa kike, mayo," alisema Nkwabi. Mayo kwa Kisukuma ni mama.

"Basi naam ya nini? Mtoto wa kike akiitwa husema abee. Naam ni ya akina baba." Akamtazama tena yule mtoto, miguu kaitanua, mikono nyuma kama mjumbe wa nyumba kumi. "Nkwabi, mimi ni mzee, magoti yangu haya yamekwisha. Nakupa mwezi mmoja. Akiweza kukaa kama watoto wa kike wa nyumba hii, atabaki na atasoma. Akishindwa utarudi naye."

Nkwabi akasema wabeja, yaani asante, akarudi kwenye lori.

Mwasiti alidhani ni kazi ndogo. Alimkatia gauni, akamsuka nywele, akaona amemaliza. Kumbe gauni ndilo lililokuwa jepesi. Mageni alikuwa akibeba ndoo ya maji begani, si kichwani. Chakula kikiiva, alinawa mikono akaenda kuketi mkekani mbele ya Shaaban, kwa sababu kambini wote waliofanya kazi walikula kwenye sufuria moja. Shaaban alisogea kumpisha, akacheka. Bi Mwanne hakucheka.

"Mama Salehe," alimwita Mwasiti kwa jina la mwanawe aliye jeshini, "mume wangu karudi na maji. Mpokee, asije akachoka."

Bibi yeyote humwita mjukuu wa kiume mume wangu na wa kike mke mwenzangu, ni utani wa kawaida. Ila huu wa Bi Mwanne ulikuwa na mwiba, na mtoto aliusikia.

Kila asubuhi Mwasiti alimkalisha jikoni.

"Sema abee."

"Abee."

"Vizuri. Mageni."

"Naam."

"Mwanangu, sasa hivi umesema nini?"

"Imetoka yenyewe, mama."

Na si kwamba alikuwa mkaidi. Aliokota vipande vya chaki ya Shaaban akawa ananakili sakafuni herufi zilizoandikwa kwenye cherehani, moja moja, bila kujua zinasomekaje. Kila siku aliuliza zimebaki siku ngapi. Wiki ya tatu aliweza ndoo kichwani. Aliweza kukunja miguu, aliweza kula na wanawake jikoni. Kuitika ndiko kulikomshinda. Ukimwita taratibu, akiwa anakutazama, atasema abee, tena kwa kunong'ona. Ukimwita ghafla kutoka chumba kingine, naam inafika kabla hujamaliza jina.

Ikawa Jumanne, siku mbili kabla ya Nkwabi kurudi. Bi Mwanne, kwa ajili ya magoti, alikuwa akiswali ameketi kwenye kigoda, na mtoto alimzoea hivyo. Mchana ule alikuwa amepakwa mafuta, magoti yakalegea, akafurahi. Ilipofika alasiri akaamua aswali kama zamani, paji la uso liguse chini.

Mageni alikuwa anampelekea maji ya kunywa. Akasimama nje ya pazia.

"Bibi?"

Kimya.

"Bibi?"

Kimya. Akaita mara ya tatu, kwa sauti kubwa. Mtu aliye kwenye swala hazungumzi, na Bi Mwanne alikuwa amesujudu, kaipata raha ya siku nyingi, hana haraka ya kuinuka. Mtoto akafungua pazia, akaona khanga nyeupe imejikunja sakafuni.

Kopo la maji likaanguka. Shaaban kule kibarazani alisikia, "Hewa! Mpisheni apate hewa!" na alipofika uani alimkuta mama yake analazwa kivulini. Mageni alikuwa amempitishia mikono kwapani kwa nyuma, kamburura kinyumenyume hadi nje, na sasa anampigapiga mashavu.

"Niache," alisema Bi Mwanne. "Mimi mzima. Nilikuwa nasujudu."

Mwasiti anasema hakuna aliyethubutu kucheka wala kugomba. Bi Mwanne aliinuliwa, akatawadha upya, akarudia swala yake tangu mwanzo, kwenye kigoda. Mageni alikwenda kwenye kona yake akalivua lile gauni. Akavaa kaptura. Akafunga vitu vyake na chaki zake mbili kwenye kitambaa, akaketi navyo mlangoni.

Bi Mwanne alipotoka alimkuta hapo.

"Unakwenda wapi?"

"Baba akija nimeshajitayarisha."

"Kwanza niambie. Kwa nini ulinivuta?"

"Nilikuita mara tatu."

"Na mtu akiitwa mara tatu?"

"Anavutwa," alisema Mageni, kama anayeshangaa kuulizwa. "Mimi ndiye nilikuwa naita. Nakaa juu ya duara."

"Duara ndiyo nini?"

"Shimo la dhahabu. Chini hewa huwa inakwisha. Naita jina, aliye chini anasema naam, namwita mwingine. Asipoitika mara tatu nawaambia wavute kamba."

Mwasiti alikuwa jikoni, mwiko mkononi. Ndipo alipojua mtoto alijifunzia wapi neno lile.

"Ulishawahi kuita mtu asiitike?" aliuliza Bi Mwanne.

"Donatus. Nilimwita mara moja, nikakaa. Nilidhani ananitania, alikuwa ananitania kila siku. Niliporudia..." Akaangalia chini. "Walimvuta amekwisha. Baba alisema si kosa langu. Ndipo akanileta huku."

Bi Mwanne alikaa chini kizingitini, pole pole, magoti yakilia.

"Kwa hiyo naam ni kusema upo."

"Ndiyo, bibi. Abee haisikiki chini."

"Hapa hakuna shimo. Hapa ukisema abee, hata kwa sauti ndogo, mimi najua upo. Umesikia?"

"Nimesikia. Na wewe ukiwa unaswali?"

Bi Mwanne akanyoosha mkono wa kushoto, akaupiga mgongoni kwa kiganja cha kulia. Pa.

"Kwenye swala siwezi kusema. Lakini mwanamke anaruhusiwa kupiga kofi. Ukiniita, utasikia hivi. Usinivute tena, utanivunja."

Alhamisi Nkwabi akafika, na kiroba cha karanga begani. Aliamkia, akaitikiwa, akaketi ukingoni mwa kigoda kama mtu asiyetaka kukichosha.

"Mayo, mwezi umekwisha."

"Umekwisha," alisema Bi Mwanne. Mageni alikuwa nyuma ya nyumba anaosha vyombo. Bi Mwanne akapaza sauti. "Mageni!"

"Naam!"

Nkwabi akafumba macho. Kikapita kitambo kidogo, sufuria ikasikika inawekwa chini.

"Abee, bibi."

"Umemsikia?" Bi Mwanne alimgeukia Nkwabi. "Anaitika mara mbili. Watoto wa mtaa huu ukiwaita hawaitiki hata mara moja."

Nkwabi akafumbua macho. "Kwa hiyo, mayo?"

"Kwa hiyo utamchukuaje mke mwenzangu? Mimi na yeye tuko nyumba moja. Kula karanga, kesho upande lori. Na umletee viatu vya shule, siyo karanga."

"Wabeja, mayo. Wabeja sana."

Usiku huo Nkwabi alilazwa sebuleni. Taa ilipozimwa, Mageni akaanza kuita kutoka mkekani kwake, mmoja mmoja.

"Baba?"

"Naam," alijibu Nkwabi.

"Baba Shaaban?"

"Naam. Lala."

"Mama?"

"Abee," alisema Mwasiti, na gizani akasikia mumewe anajizuia kucheka.

"Bibi?"

Bi Mwanne alikuwa kwenye swala ya isha. Nyuma ya pazia ikasikika, pa.

Nyumba ikatulia. Bi Mwanne alimaliza, akatoa salamu kulia na kushoto, akakunja mkeka wake. Alipokwisha kujinyoosha kitandani akaita, polepole:

"Mageni."

Kimya. Akaita tena. Kimya.

Hakuita mara ya tatu. Aliwasha koroboi, akajikongoja na magoti yake hadi kwenye kona ya mtoto, akainama, akasikiliza hadi alipoisikia pumzi, inaingia na kutoka. Akarudi, akapuliza taa, naye akalala.