Kaseti Iliyofika Gulioni Kwanza

Pale Compton, wimbo haukuwa wimbo mpaka upigwe kwenye gari la Rodell. Hata urekodi kwenye studio ya dhahabu, lazima kaseti uilete kwanza kwenye Impala yake ya bluu, spika zitikise milango ya gereji, kisha Rodell atoe hukumu. Wimbo mbovu ulirudi studio. Ndiyo ilikuwa sheria, na Lavonte aliifuata tangu alipoanza kuchana mistari ya rap.

Lavonte mwenyewe, tuseme ukweli, hakuwa mhuni. Alikuwa mtoto wa mama, mwanakwaya, na bunduki zake zote zilikuwa mdomoni. Lakini wasikilizaji wa Compton si wa kudanganywa. Ukitaja mtaa usioujua watakucheka mpaka uhame. Kwa hiyo alikaa na wenzake akiwasikiliza, akabeba visa vyao, akavivaa kama nguo za kuazima. Rodell, aliyekua naye ukuta kwa ukuta, hakumficha kitu.

Jumatano mchana Lavonte alikuja amechangamka kupita kiasi.

"Oya, mzee wa Impala! Leo utalia!"

"Nililia na ile ya mwezi uliopita, kwa uchungu wa masikio. Lete."

Rodell akaipokea kaseti, akaigeuza. Ilikuwa na jalada kabisa, picha ya Lavonte amenuna kama mtu mwenye jino bovu, na kibandiko cha bei juu yake.

"Hii imeshatoka?"

"Tangu jana. Gulioni wanaigombania. Jamaa wa kampuni ya kaseti alikuwa na haraka, bwana. We sikiliza kwanza."

Akasikiliza. Ubeti wa kwanza ulikuwa majigambo ya kawaida. Wa pili uliwatukana vijana wa Corliss, genge la wavaa nyekundu wa ng'ambo ya barabara ya Rosecrans, na Rodell akatikisa kichwa kwa raha kama kijana yeyote wa genge la bluu. Kisha ukaja wa tatu. Lavonte akajisifu kwamba kila Jumapili, Corliss wakiwa kanisani, yeye yumo mtaani mwao, nyumba ya njano yenye mlimau mbele, anamlea mtoto aliyemzaa na dada yao, na wajinga wale hawana habari.

Rodell akazima redio.

Kisa kile kilikuwa cha Rodell. Nyumba ya njano ilikuwa ya Charmaine, mpenzi wake wa siri, na mtoto ni Keosha, binti yao wa miaka mitano aliyefundishwa kufunga mdomo. Dwight, kaka yake Charmaine na kichwa cha Corliss nzima, alikuwa ameambiwa kwamba baba wa mtoto ni mwanajeshi aliyepelekwa Ujerumani.

"Lavonte, hiyo ni nyumba ya mwanangu."

"Sijakutaja, kaka! Nimesema 'mimi'. Watajua ni mimi."

"Wewe? Wewe Rosecrans umeivuka lini? Ukisikia honi tu uko chini ya kitanda! Nani hajui visa vyako ni vya kuazima, na unaviazima kwangu?"

"Ubeti ulikuwa mtupu, kaka. Jamaa akataka kitu cha kweli."

"Hata mlimau, Lavonte? Hata mlimau ukaona usiuache?"

Lavonte akainama, akaangalia viatu vyake vipya.

"Ndiyo maana hukuileta hapa kwanza," Rodell akasema.

"Ungeikataa."

Hilo ndilo lililomkata maini. Mtu akiropoka kwa bahati mbaya utamtukana, kisha utamsamehe. Huyu alikaa akapima, akaona kabisa anamuuza rafiki yake, kisha akaipitisha kaseti kando ya gari lake ili asizuiwe. Rodell hakuwahi kumchukia hata mtu wa Corliss kwa namna aliyomchukia Lavonte dakika ile.

Akamwacha pale, akakimbilia simu ya jikoni, akapiga nyumba ya njano. Aliyepokea ni Keosha.

"Baba! Tumo kwenye kaseti! Nyumba yetu na mti wetu! Mjomba Dwight kairudisha, kairudisha, mpaka utepe umetoka nje!"

"Mama yuko wapi, mama?"

"Chumbani, analia. Mjomba kaniuliza baba yangu huwa anapita wapi. Mama alisema ni siri, lakini si wameshaimba? Nikamwambia unapita uchochoroni, mlango wa nyuma. Kasema Jumapili haendi kanisani, atakusubiri hapo na rafiki zake wote. Nimefanya vizuri?"

Rodell akaegemea friji.

"Umefanya vizuri, mama."

"Kwa hiyo utakuja?"

Hakuwahi kumdanganya mtoto yule hata siku moja.

"Nitakuja," akasema.